Mfuko wa M. Kaur

Mfuko haukuwepo. Marcelina alipitisha vidole kwenye rafu ya herufi K mara ya pili, kisha ya tatu, akiipekua ile mifuko midogo ya karatasi kama mtu anayepekua mitumba sokoni. Ng'ambo ya kaunta alisimama mama mmoja wa makamo, ushungi wa rangi ya machungwa kichwani, kikapu mkononi. Jina lake Manjit Kaur. Asubuhi alikuwa amepiga simu kusema atapita saa saba kuchukua dawa zake za sukari, na sasa ilikuwa saa saba na dakika tano.

"Samahani, mama, dakika moja tu," Marcelina alimwambia kwa Kiingereza.

Nyuma kabisa ya rafu palikuwa na mfuko mmoja. Juu yake, kwa mwandiko wake mwenyewe: M. Kaur. Akashusha pumzi. Lakini alipoufungua ili kuhakiki, kama alivyozoea kuhakiki kila kitu, akakuta pakiti ya vidonge vya presha. Lebo ilisema: Bi Mohinder Kaur.

Alisimama ameishika ile pakiti. Hakusikia tena kelele za soko zilizokuwa zikiingia mlangoni, wala Dinah wa kaunta aliyekuwa akimwuliza kuna nini. Aliona jambo moja tu: mikono yake mwenyewe, saa mbili zilizopita, ikimkabidhi mwanamke mwingine mfuko mwingine, huku mdomo wake ukicheka.

Marcelina Ndunguru alikuwa mfamasia wa deiwaka. Hivyo ndivyo alivyojiita alipozungumza kwa simu na dada yake aliyeko Mbinga: leo duka hili, kesho lile, popote ambapo mwenye duka anaumwa au amekwenda harusini. Alisomea Muhimbili, akaja Landani, Uingereza, mwaka 1989, akaogesha wazee kwenye nyumba za kutunzia wazee huku akisoma upya na kufanya mitihani upya, mpaka wakamkubali. Tangu hapo wenye maduka wengi walimtaka akae, apewe koti jeupe lenye jina lake na funguo zake. Alikataa. Alisema uhuru una raha yake. Ukweli ni kwamba kila alipofika mahali, mguu mmoja ulibaki nje. Alikula amesimama. Alihama chumba mara saba katika miaka kumi na minne, na kwenye sanduku lake kubwa kulikuwa na vitu ambavyo havijawahi kutolewa tangu vitoke nyumbani.

Wenye maduka walimpenda kwa sababu moja: hakuwa mtu wa kukosea. Kabla ya kumpa mtu mfuko humwuliza jina, kisha humwuliza anakaa wapi, kisha hutazama karatasi ya kijani ya daktari aone kama maneno yanapatana. Hata kwa jirani wa duka. Hata kwa mtu aliyemhudumia jana yake. Wateja wengine walinuna, naye aliwaacha wanune.

Isipokuwa asubuhi ile.

Ilikuwa kwenye saa tano. Bibi mmoja wa Kihindi aliingia akijikokota, mwembamba, shali ya sufu mabegani, miwani imefungwa kwa uzi. Alimtazama Marcelina kwa muda, akatazama kile kibandiko cha jina alichokibandika kifuani kwa siku ile, halafu akasema, kama vile wako kwenye baraza:

"Ndunguru. Wewe si mtu wa kusini, wa Songea huko?"

Marcelina aliangusha kalamu. "Mbinga, mama! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi wa Tabora. Nimezaliwa Tabora, nimeolewa Tabora. Baba alikuwa Kalasinga wa reli, fundi wa vichwa vya garimoshi. Mume naye hivyo hivyo. Umri huu bado nikisikia treni hapa nasema, hii breki yake mbaya."

Wakacheka. Miezi mingapi ilikuwa imepita tangu Marcelina acheke kwa Kiswahili akiwa kazini? Wakazungumza habari za Tabora, asali yake na vumbi lake. Bibi akaeleza kwamba daktari amembadilishia dawa ya presha, ile ya zamani ilimvimbisha miguu. Kwamba tangu jana jioni hajatia kitu mdomoni, alikuwa anatolewa damu ya vipimo. Kwamba sasa amehama ile nyumba kubwa baada ya mume kufa, amepanga chumba juu ya duka, na ngazi zinamla magoti. "Lakini saa sihitaji. Yule muuza samaki wa mbele ya dirisha langu akianza kupiga kelele, najua ni saa mbili."

"Na jina la mama?"

"Mohinder Kaur."

Marcelina akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua mfuko wa M. Kaur, akampa. Hakuuliza anakaa wapi. Angemwulizaje? Alikuwa ameshaambiwa alikozaliwa.

"Maandishi yao siyaoni, mwanangu. Niambie wewe. Nimeze vipi?"

"Kimoja leo ukifika nyumbani, mama. Halafu kila asubuhi kimoja."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yakimrudia sasa. Si karatasi wala lebo. Ni yeye, kwa ulimi wake, kwa lugha ambayo bibi yule aliiamini, aliyemwambia mtu wa miaka sabini na sita mwenye njaa ameze dawa ya kushusha sukari ambayo hakuihitaji.

Alimtengenezea Manjit Kaur dawa nyingine, akamwuliza jina, akamwuliza anakaa wapi. Kisha akakimbilia simu. Namba iliyokuwa kwenye kumbukumbu za duka haikuwa na uhai tena. Akapiga kwa daktari; mashine ikamjibu kwamba Alhamisi mchana zahanati hufungwa. Akampigia mwenye duka.

Pravin alikuwa Kenton, upande wa pili wa jiji, kwenye duka lake kubwa. Alikuwa mtu wa Kisumu, mwepesi wa maneno, na alipenda kuzungumza Kiswahili na Marcelina kwa sababu, alisema, Kiswahili chake hana mtu mwingine wa kukitumia naye.

"Pole pole, dada. Amechukua dawa ya nani?"

Akamweleza.

"Basi wapigie polisi simu. Wao ndio watatafuta."

"Watatafuta wapi? Anwani niliyo nayo mimi ndiyo watakayokuwa nayo wao. Amehama. Mimi naenda."

"Uende wapi? Leo siku ya soko! Ukitoka hapo hakuna kidonge kinauzwa, unajua sheria."

"Naijua, Bwana Pravin."

"Tuma Dinah."

"Dinah hajui sura yake. Wala hajui atafanya nini akimkuta amelala."

Halafu Pravin akasema, sauti imepoa, "Na kama hajameza? Utakuwa umefunga duka langu bure."

"Nitashukuru Mungu," Marcelina alisema, akakata simu.

Alichukua mashine ya kupimia sukari, mirija miwili ya glukosi, ile sukari nzito ya kupaka mdomoni, na ile karatasi ya kijani. Akageuza kibao cha mlangoni. Dinah, mama wa Kijamaika aliyekuwa kwenye kaunta ile kwa miaka kumi na tisa, alimwangalia akivaa koti juu ya koti.

"Usiuze hata dawa ya kikohozi," Marcelina alimwambia. "Akija mtu, mwambie mfamasia ametoka."

"Nenda, mpenzi," Dinah alisema. "Nenda tu."

Akaenda kwanza kwenye ile anwani ya zamani, labda, nani ajuaye. Alikuwa akitembea, halafu akawa anakimbia. Nyumba za Walthamstow zimepangwa bega kwa bega, milango inafanana kama meno. Kijana mwenye rangi ya kupakia ukuta mikononi alimfungulia, akatikisa kichwa: bibi Mhindi? Alishauza, mwezi wa tatu. Alihamia wapi? Hajui. Hakuna barua yoyote iliyoachwa, hakuna namba.

Marcelina alisimama kwenye kile kizingiti. Miguu ilitaka kwenda lakini haikuwa na mahali pa kwenda, na hilo lilimtia wazimu. Alijilazimisha kukumbuka, si jina wala lebo, bali mazungumzo. Chumba juu ya duka. Ngazi. Muuza samaki mbele ya dirisha.

Soko la Walthamstow ni mtaa mmoja mrefu, mtu huanza kulitembea akiwa na njaa akalimaliza ameshiba kwa macho. Marcelina aliingia kwa upande wa juu, akapenya kati ya mikokoteni ya akina mama na meza za matunda, akiangalia kila kibanda. Ndizi, soksi, sufuria, mapazia. Muuza samaki wa kwanza alikuwa mbele ya benki. Hakuna anayepanga chumba juu ya benki. "Kuna mwenzako mwingine?" "Wapo wawili zaidi, huko chini." Akaendelea. Mtu alimtukana kwa kumkanyaga. Alitazama saa: saa saba na dakika thelathini na tano. Kama bibi alikwenda moja kwa moja nyumbani, dawa ilikuwa tumboni mwake kwa saa mbili. Kichwani mwake kile kitabu kinene cha dawa kilijifungua chenyewe kwenye ukurasa anaoujua kwa moyo: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, usingizi. Baada ya usingizi hakutaka kusoma.

Muuza samaki wa pili alikuwa mbele ya duka la viatu, na juu ya duka madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao. Wa tatu alikuwa karibu mwisho wa soko, mzee mnene mwenye sauti kama honi ya lori. Na nyuma yake, duka la vitambaa, sari zimetundikwa nje zikipepea.

Mwenye duka, mwanamke aliyeitwa Champa, alikuwa akipima kitambaa kwa rula ya mbao. Marcelina hakusalimu.

"Bibi Mohinder. Anakaa juu?"

"Yupo juu. Kuna nini?"

"Umemwona saa ngapi?"

"Alipanda saa tano na nusu. Alisema anapumzika." Champa alitazama koti jeupe lililochungulia chini ya lile jeusi, akaacha rula. "Nina ufunguo."

Ngazi zilikuwa nyembamba na kali kweli, kama alivyosema mwenyewe. Walibisha. Waliita. Champa alihangaika na kitasa hata Marcelina akataka kumpokonya ufunguo, kisha mlango ukafunguka.

Bibi alikuwa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, kichwa kimeangukia begani. Uso ulilowa jasho hata uzi wa miwani umegandamana na shingo. Kwenye meza, glasi ya maji nusu, ule mfuko wa karatasi umekunjwa vizuri, na pakiti. Kidonge kimoja kilikuwa kimetoka.

"Mama! Mama Mohinder!"

Macho yakafunguka kidogo. Yalimpita Marcelina yakatazama kitu kingine nyuma yake. "Mwambie asiondoke," bibi alisema kwa Kiswahili, maneno yakiburuzika. "Treni bado haijapiga filimbi."

"Haondoki mtu, mama." Alishika kidole chake, akakidunga, tone la damu likapanda kwenye mashine. Sekunde tano zikawa tano za mtu anayesubiri hukumu. Moja nukta tisa. Mtu mzima hatakiwi kushuka chini ya nne.

"Ita ambulensi," alimwambia Champa. "Waambie bibi wa miaka sabini na sita, sukari imeshuka sana, amepewa dawa isiyo yake. Sema hivyo hivyo: amepewa."

Akamkalisha sawa, akavunja mrija wa glukosi, akampaka ndani ya shavu. "Meza, mama. Kidogo. Meza tena." Bibi alikunja uso kama mtoto. Marcelina alipiga magoti mbele yake, mkono mmoja nyuma ya kichwa cha mwenzake, akiongea bila kunyamaza, chochote kilichokuja mdomoni, habari za Mbinga, kahawa kwenye mteremko, baridi ya Juni, kaka yake aliyeanguka kisimani akatoka anacheka. Hakujua anaongea nini. Alijua tu kwamba sauti isikatike. Mrija wa pili. Akapima tena: mbili nukta sita. Akapima tena: tatu nukta moja.

"Chumvi hii," bibi alisema ghafla, "si tamu mno?"

Marcelina alicheka, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo, akakimeza maana kazi haikuwa imekwisha.

Watu wa ambulensi walipopanda, kijana mmoja akauliza nani ametoa taarifa, nini kimetokea. Champa alimtazama Marcelina.

"Mimi ni mfamasia," Marcelina alisema. "Nilimpa dawa ya mtu mwingine. Kosa ni langu." Akamkabidhi pakiti, akamwandikia jina la dawa, saa, na vipimo vyote vitatu. "Msimrudishe nyumbani leo hata akiamka vizuri. Dawa hii hukaa mwilini. Sukari itashuka tena."

Alirudi dukani saa tisa, akafungua, akafanya kazi mpaka saa kumi na mbili. Watu walitaja jina, akawauliza wanakaa wapi.

Alipofunga alikwenda hospitali. Mlangoni mwa wodi alimkuta mwanamume wa miaka arobaini hivi, suti ya ofisini, kilemba cha bluu iliyokoza, simu mkononi. Gurdial, mtoto wa Mohinder. Alizaliwa Landani. Kiswahili alikielewa, mama yake alimlea nacho jikoni, lakini alijibu kwa Kiingereza siku zote, na kwa Kiingereza ndivyo alivyosema:

"Wewe ndiye?"

"Ndiye mimi."

"Ungeweza kumwua mama yangu."

"Ndiyo," Marcelina alisema.

Alionekana kutarajia jibu jingine, refu zaidi, ambalo angelikatiza. Alibaki ameshika simu. "Madaktari wanasema wewe ndiye uliyemwokoa. Sitaki kusikia hilo kwako."

"Sitalisema."

"Nenda nyumbani."

Akaenda. Ila hakuingia ndani. Alipanda basi mpaka mwisho wa njia yake, akashuka, akapanda jingine la kurudi.

Asubuhi Pravin akapiga simu. Alikuwa amelala vibaya, ilisikika. "Bibi anaendelea vizuri, nimeuliza. Sasa sikiliza, dada. Ripoti lazima iandikwe. Nani hutoa mifuko kwenye kaunta? Dinah. Kila siku Dinah. Wewe uko nyuma, unapanga dawa. Wewe andika hivyo. Dinah hana leseni ya kupoteza. Tutamwonya kwa maneno, yataisha."

"Dinah alikuwa anapanga masanduku ya sabuni."

"Nani ameona?"

"Mimi nimeona."

"Marcelina. Umefanya mitihani mara mbili katika maisha yako. Unataka kuitupa?"

Hakuwa mtu mbaya, Pravin, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yawe mazito. Marcelina alikuwa na karatasi mbele yake, meza ndogo ya kukunja, na sehemu moja ya ubongo wake iliyachukua yale maneno ikayapima kama unavyopima unga wa dawa. Dinah. Herufi tano. Miaka kumi na tisa kwenye kaunta, mikono mikavu kwa sabuni. "Nenda tu," alisema. Akaandika: Mfuko niliutoa mimi. Sikuuliza anwani.

Nakala moja akampelekea Pravin. Nyingine akaipeleka mwenyewe kwenye baraza la wafamasia. Pravin aliipokea yake, akakaa nayo siku mbili, kisha akamwambia wakala aliyekuwa akimtafutia Marcelina kazi asimtume tena dukani kwake. Wakala naye akasema ingekuwa vyema asubiri, barua ya baraza itakuja, wiki sita, labda nane.

Wiki hizo zilikuwa mbaya kuliko siku yenyewe. Mtu aliyezoea kuwa kila siku mahali pengine sasa hakuwa na mahali. Alitembea. Alitembea kutoka chumbani kwake mpaka mtoni, na kutoka mtoni mpaka kwenye stesheni, akisoma majina ya maduka ya dawa aliyowahi kufanya kazi. Dada yake aliuliza kwa simu, "Mbona unahema?" Akamjibu ni ngazi. Alifungua lile sanduku kubwa, akalifunga. Siku moja alitafuta bei ya ndege ya kwenda Dar, akaiandika pembeni mwa gazeti, kisha akalikunja gazeti likaenda na takataka.

Wiki ya tano Dinah akampigia. "Kuna bibi alikuja hapa anakutafuta. Amesema, mwambie yule mama wa Kiswahili aje Jumapili mchana. Amesema hivyo mara tatu, kana kwamba mimi kiziwi."

Jumapili soko lilikuwa tupu, mtaa mpana ajabu bila meza zake. Marcelina alipanda zile ngazi taratibu, akabisha.

"Mlango uko wazi! Kaa pale."

Mohinder alikuwa jikoni, pembe tu ya chumba, akisukuma chapati kwenye ubao. Kwenye sufuria kulikuwa na mchicha wa karanga. Alikuwa amekonda kidogo, lakini mikono ilikwenda kwa kasi, duara likitoka duara. Marcelina alibaki amesimama karibu na dirisha.

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Hospitali sikupata nafasi."

"Omba."

"Naomba radhi."

"Haya." Chapati ikaingia kwenye kikaango. "Sasa niambie. Wamesema wewe ni mtu makini, hata yule mwanamke wa kaunta kasema. Kwangu mimi ilikuwaje?"

Marcelina alitazama nje, pale ambapo siku nyingine muuza samaki hupiga kelele. "Ulinisalimia," alisema.

Bibi aligeuka.

"Uliniuliza kama mimi ni mtu wa kusini. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hapa. Nikasahau kwamba niko kazini. Nikakuona... nikakuona ndugu, mama. Na ndugu haulizwi anakaa wapi."

Mohinder aligeuza chapati kwa vidole, bila kijiko, akaingoja mpaka ikafura. "Mimi pia nilifurahi," alisema hatimaye. "Nilipanda ngazi hizi nimesahau magoti. Nikasema, leo nameza dawa yangu nalala, kesho narudi kwa yule binti kupiga soga." Akaiweka chapati kwenye kitambaa, akaifunika. "Gurdial ana karatasi. Ya mashtaka. Anataka nitie sahihi. Mwezi mzima ananiletea, narudisha, ananiletea."

"Tia, mama. Ni haki yako."

"Nikitia watakufukuza kazi?"

"Wanaweza. Sijui. Lakini hata usipotia, mimi mwenyewe nimeshaandika yote. Karatasi yangu iko kwao."

"Wewe mwenyewe?" Alimtazama juu ya miwani kwa muda mrefu. "Sasa kwa nini umesimama kama mpiga hodi? Vua koti. Chakula cha Tabora hakiliwi kwa miguu."

Marcelina alivua koti. Akakaa ukingoni mwa kile kiti cha mikono, kisha, kwa kuwa kilikuwa na shimo katikati, kikamvuta mpaka ndani.

Chini mlango ukafunguliwa. Hatua nzito zikaanza kupanda.

"Huyo ni yeye," Mohinder alisema bila kugeuka. "Nimemwita aje kula. Sijamwambia kwamba upo."

Marcelina alitaka kuinuka, lakini bibi alikuwa ameshamweka sahani mapajani, ya moto, na huwezi kuinuka na sahani ya moto mapajani. Gurdial akatokea mlangoni. Hakuwa na suti leo, alivaa koti la mvua, na bahasha ya kahawia ilichungulia mfukoni. Alimwona. Akasimama.

"Mama," alisema, na mengine yote yakawa Kiingereza, ya haraka, ya chini, kuhusu jinsi ambavyo angepaswa kuambiwa.

"Funga mlango, baridi inaingia," mama yake alimjibu kwa Kiswahili.

"Sitakaa. Nimekuja kwa ajili ya ile karatasi."

"Karatasi ninayo akilini. Tutaizungumza, sisi watatu, maana huyu naye inamhusu. Lakini si kwa viatu. Nimefagia."

Sahani ya tatu ikawekwa mezani. Mchicha ulikuwa ukitokota taratibu, na mvuke wake ulikuwa umeanza kuziba kioo cha dirisha kutoka chini kwenda juu. Gurdial alimtazama mama yake, akamtazama yule mwanamke kwenye kiti, ambaye hakuyakwepa macho yake wala hakutabasamu. Bahasha akaitoa mfukoni, akatafuta pa kuiweka, akaiweka juu ya friji.

Kisha akainama kufungua kamba za viatu. Kiatu cha kulia kilitoka upesi. Cha kushoto kilikuwa na fundo lililolowa mvua, likakaza kila alipolivuta, naye akapiga goti moja kwenye kizingiti, kilemba kimeinama, akilihangaikia kwa kucha.